Sikio la Upande wa Pili wa Ukuta

Magari yaliyoshindikana kwingine ndiyo yaliyokuja kwake. Hakuwa na kibao wala tangazo, kwa maana chema chajiuza. Gereji yake ilikuwa banda la mabati lililoegemea chumba cha kushonea cha mkewe. Kati ya viwili hivyo palikuwa na ukuta wa mbao tu, na mbele ya banda uwanja wa kokoto ulionyweshwa mafuta machafu hadi majani yakakata tamaa ya kuota. Mafundi wenzake walimwita Polepole. Walimpa jina hilo kwa kejeli, naye akalipokea kama mtu anayepewa shati jipya: akalivaa, likamkaa, na mwishowe wao ndio waliotamani kulivaa.

Kilichomjengea jina ni nati zilizoganda. Si nati zozote, bali zile za magari yenye rimu za aloi, rimu za kung'aa ambazo mwenye gari hukerwa na mkwaruzo wake kuliko kidonda cha mguuni mwake mwenyewe. Chuma na aloi vikikaa pamoja kwenye unyevu, miaka ikapita bila mtu kuvigusa, hushikana kama ndugu waliogombea urithi: hawapendani na hawaachiani. Tena huwa kuna fundi fulani aliyepita hapo na mashine ya upepo, trrrrr, akakaza nati mpaka ikaomba msamaha.

Polepole hakuwa na mashine hiyo. Aliliacha gari likae chini kwa uzito wake wote, jeki pembeni. Alizidondoshea nati mafuta ya kulegeza kutu, akaenda kunywa chai, akarudi akadondosha tena. Soketi yake, kile kikombe cha chuma kinachoivaa nati, ilikuwa nyembamba, nayo aliivika kitambaa ili isiparuze rimu. Halafu alifanya jambo lililowashangaza wateja wote: badala ya kulegeza, alikaza. Kidogo tu, upana wa ukucha.

"Mgeni hukaribishwa ndani kabla ya kuagwa," aliwaambia.

Kisha alivuta huku akisikiliza, na huko kusikiliza ndiko kulikokuwa ufundi wenyewe. Nati inayokubali hulia kavu, ka!, kama kijiti kinachovunjwa. Nati inayotaka kukatika na stadi yake, ule msumari mnene unaoishikilia, hutoa mlio mwembamba wa kuvutika, kama mlango wa kabati kuukuu. Ukiusikia mlio huo, rudi nyuma, rudisha mafuta, anza upya. Usipousikia, utabaki na kipande cha chuma mkononi na aibu usoni.

Na Polepole alikuwa ameacha kuusikia.

Hakumwambia mtu. Miaka aliyofanya kazi ubavuni mwa kompresa ya jirani, ile mashine ya kushindilia upepo, ilikuwa imeyala masikio yake taratibu, la kushoto kwanza, kisha la kulia. Alijifunza kutazama midomo. Wenzake wakicheka, alicheka. Wakinyamaza, alisema "ehee". Juma lililopita alikuwa amekata stadi ya gari la mteja wake wa siku nyingi. Akaweka mpya bila malipo, akasema kutu ilikuwa imeila. Mteja aliamini. Yeye mwenyewe hakuamini, na moyoni akaweka nadhiri: ikikatika nyingine, nafunga banda.

Gari lililofuata lilikuwa la mkunga.

Lilikuwa gari la zamani, lililotunzwa kama kitabu kitakatifu. Mkunga, mama wa makamo mwenye mikono mipana na sauti ya kutuliza, alisimama kando ya gurudumu la mbele kama anayemtambulisha mzazi.

"Ni la marehemu baba, Fundi. Hizi rimu alizisugua kwa fulana zake mpaka mama akamwuliza kama amezioa. Tairi limekwisha, nati hazitoki. Gereji ya kule juu wanataka kuikata rimu kwa msumeno."

"Uliwajibuje?"

"Niliwaambia wanikate mimi kwanza."

Polepole akacheka, kisha akainama. Nati nne. Tatu zilikuwa zimeganda tu. Ya nne kona zake zilikuwa zimeliwa na spana mbovu za watu wenye haraka, ikawa mviringo kama gololi.

"Hii itachukua muda, dada."

"Mimi ni mkunga. Kungoja ndiyo kazi yangu."

Tatu za kwanza zilitoka vizuri. Mlio hakuusikia, ila uliupitia mkono wake, ukamgonga kiwikoni, naye akafarijika. Labda mkono utatosha, aliwaza. Ya nne akaigongea soketi yenye kubana, gonga ndogo ndogo, mpaka ikaing'ang'ania ile nati isiyo na kona. Akachomeka bomba refu kwenye mpini. Wakati huohuo kompresa ya jirani ikaanza kunguruma, na kokoto zikatetemeka chini ya magoti yake. Akakaza upana wa ukucha. Akavuta. Nati ikasogea kidogo. Akavuta tena, uso umemng'aa.

Mara ukuta wa mbao ukapigwa kwa ngumi. Hakusikia. Mkunga alipogeuka, Polepole naye akageuka, akamwona mkewe amechomoza mlangoni, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni.

"Acha!" Akaitema pini kiganjani. "Baba Watoto, acha hapo hapo!"

Polepole akaliachia bomba. Aliangalia nati, akaangalia mkewe. Mkunga alikuwa palepale, anasikia kila neno. Angeweza kusema "ehee". Angeweza kusema wanawake na woga wao.

"Imelia?" akauliza.

"Imelia ule mlio mbaya. Kama ile ya juma lililopita."

"Ile nayo uliisikia?"

"Nashona kwenye ukuta huu tangu kifungua mimba wetu hajaanza kutambaa. Nati zako nazijua kuliko sauti za mawifi zangu." Akashika kiuno. "Na sikio lako nalijua. Mwaka mzima nakuita kula mara tatu tatu. Ulidhani napenda kupiga kelele?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe useme. Si unaitwa Polepole?"

Mkunga akageuza uso apate kucheka kwa heshima, akashindwa, akacheka waziwazi.

Polepole akajifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mficha uchi hazai, na yeye alikuwa ameficha mpaka karibu aiue kazi yake kwa mikono yake. Rimu ya marehemu ilimtazama, inang'aa, haina hata mstari. Akamwangalia mkunga usoni.

"Dada, nisikufiche. Masikio yangu yamechoka, ile stadi ya juma lililopita niliikata kwa sababu hiyo. Ukitaka kulipeleka gari kwingine, sitakulaumu."

"Kwingine wana msumeno," mkunga akasema. "Hapa nawaona watu wawili."

Basi Polepole akainuka, akaburuta kigoda chake mwenyewe, akakipangusa vumbi kwa kofia, akakiweka kando ya gurudumu. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani:

"Mke wangu, karibu ukae. Wewe sikiliza, mimi nivute."

Mkewe akakaa, akainamisha kichwa kama afanyavyo anaposikiliza cherehani yenye hitilafu. Mkunga mwenyewe akavuka kwa jirani, akaomba kompresa izimwe. Sijui alisemaje, lakini ilizimwa, na jirani akaja nyuma yake kutazama, mikono kifuani.

Polepole akakaza.

"Vuta," mkewe akasema. "Vuta... bado... inalalamika, rudi. Rudi, baba! Mafuta."

Wakadondosha, wakangoja.

"Usisukume kabla ya wakati," mkunga akanong'ona, kwa mazoea tu.

"Tena. Kidogo. Rudi. Sasa... sasa endelea, imenyamaza... endelea..."

Polepole hakuitazama nati. Alimtazama mkewe. Akauona ule mlio usoni pake kabla haujamfikia kiwikoni: nyusi zikapanda, midomo ikafunguka, na macho ya mwanamke aliyeolewa naye ujanani yakang'aa kuliko rimu yoyote.

"Ka!" mkewe akasema, na nati ikazunguka.

Jirani akadakia. "Aisee Polepole, siku hizi unasaidiwa na fundi cherehani?"

"Ndiyo. Na wewe katafute wako!"

Tairi likabadilishwa. Stadi zikasuguliwa kwa brashi ya waya, nati mpya ikachukua nafasi ya ile iliyoliwa, na zote zikakazwa kwa mkono, moja na ya mkabala wake, bila mbwembwe. Mkunga akaipapasa rimu yote kwa kidole, kama anayemkagua mtoto, akatafuta kasoro, akaikosa.

"Urudi baada ya safari chache tuzikague," Polepole akamwagiza. "Na mashine ya upepo isiziguse."

"Nikija niulize fundi gani?"

Polepole akafungua mdomo, kisha akampa mkewe nafasi.

"Uliza yeyote," mkewe akasema. "Ila mimi ndiye nitakayekusikia."

Ukuta ule wa mbao leo una dirisha. Polepole alilikata mwenyewe, mkewe akalipimia kwa futi yake ya nguo, na siku ya kulimaliza Polepole alisimama mbele ya dirisha hilo akijisifu kama aliyejenga ghorofa. Kila gari lenye nati zilizoganda linapoletwa, cherehani huzungumza upande ule, spana upande huu. Kisha huja wakati cherehani hunyamaza ghafla. Wateja wageni hudhani mama anapumzika, wakaanza kupiga soga. Polepole huwainulia kiganja chenye mafuta, kifua mbele.

"Hebu nyamazeni. Fundi anasikiliza."