Changarawe Iliyokwisha Kuombewa

Siku yangu ya kwanza katika idara ya maji, pale Embu, Mhandisi wa Wilaya alinipeleka mtoni kabla hata sijaonyeshwa kiti changu. Alinionyesha ubao wa kupimia kina, uliosimikwa majini na kuchorwa namba, kisha akachota changarawe kwa mkono. "Kijana, hii ndiyo sakafu ya mto. Ikibebwa, maji yanashuka. Chunga sakafu." Nilimwona msumbufu tu, maana viatu vyangu vipya vilikuwa vimelowa.

Baadaye nilipelekwa Kiambere, kwenye nyanda za joto za Mbeere, nikaungua jua mpaka nikasahau baridi ya Embu, ndipo nikahamishiwa Meru, kijijini kwa mke wangu. Huko nililinda inteki, yaani mahali bomba la mradi linapochukulia maji mtoni. Mdomo wa bomba lazima uzame. Ukibaki juu, nyumba zote za chini, pamoja na shule na zahanati, zinapata upepo kwenye mifereji.

Basi kanisa letu likaanza kujenga. Kila Jumapili muumini alileta debe la changarawe, pasta akaliombea, likamwagwa kwenye rundo. Changarawe yenyewe ilichimbwa chini kidogo ya inteki. Shimo lilipopanuka, mto ukazidi kujichimba kuelekea inteki, maji yakashuka, hadi mdomo wa bomba ukaanza kuchungulia nje.

Nikawakataza. Weh! Mzee wa kamati ya ujenzi alinisimamisha mbele ya watu. "Kwani wewe unafight kanisa?"

"Napigania maji, mzee. Hata ya kubatizia."

Nyumbani mke wangu aliniwekea chakula bila kunisemesha. Iliniuma sana, lakini sikurudi nyuma.

Dawa niliijua: kujaza changarawe kwenye magunia na kuyapanga mtoni, yawe kizuizi cha kuinua maji. Changarawe ya kutosha ilikuwa ile ya kanisani tu, nayo ilikuwa imeshaombewa. "Sadaka haiwezi rudishwa," mzee wa kamati alisema. "Hiyo ni kuingiza mkono kwa kikapu ya Mungu."

Aliyemjibu ni Mama Kendi, kiongozi wa akina mama. "Haturudishi, tunapeleka mbele. Pasta, si uteremke uombee huko river? Watoto wangu wanakunywa maji, hawanywi ukuta."

Akajaza gunia, akalibeba mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, akaongoza njia. Mke wangu alimfuata. Mzee wa kamati alikuja nyuma akinung'unika, na gunia lake ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Nilifurahi karibu nilie. Maji yalipanda, mdomo wa bomba ukazama. Kanisa lilikaa muda mrefu bila kuta, tukisali chini ya mabati huku mvua ikitupiga ubavuni.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaoingia kazi hii mtaambiwa kwamba ujenzi unahitaji changarawe. Ni kweli, na iko kwenye machimbo ya mbali na maji. Lisemeni hilo bila kuchoka, hata kwa watu mnaowapenda, maana hao ndio wagumu zaidi.

Juzi lori tupu la kuchota changarawe liliteremka kuelekea inteki. Nilichukua bakora yangu nikasimama katikati ya njia. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, kwani wewe ni nani hapa?"

"Zima injini kwanza, ndio nikuambie."

Akaizima.