Vipande Vitatu Kutoka Eldoret

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, tulikuwa wanne ndani ya saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale Malaba: mimi, mdogo wangu Wanyama, Mama Ekisa mwenye saiba, na Juma, dereva wa trela aliyekuja kutoa kopi za karatasi za mpakani, akabaki kutazama sinema ya bure.

Wanyama alikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Laptop yake iliishia kwenye skrini nyeusi kila alipoiwasha, na ripoti yake ya mwisho ilikuwa humo ndani. Asingeiwasilisha Ijumaa, angerudia mwaka mzima. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufariki. Mimi niliacha shule mapema, nikawa nauza chai kwa madereva wanaongoja kuvuka, ili wadogo zangu wasome. Mwaka wa ziada sikuwa na pa kuutoa.

Binamu yetu, fundi wa kompyuta kule Eldoret, alisema Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ingeweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Tungeitoa ripoti kwanza, kisha tuiweke Linux moja kwa moja. Lakini faili lake lilikuwa kubwa, na mtandao wetu wiki ile ulikuwa wa kubembelezwa. Akalikata vipande vitatu, akatia kila kimoja kwenye kadi ya memori, akawapa madereva watatu, wateja wangu wa chai.

Kila kadi ilipofika, nilikinakili kipande chake kwenye kompyuta ya Mama Ekisa. Nikataka nisisahau nani wa kumshukuru, basi nikafuta majina ya faili na kuandika ya madereva: Juma, Okiring, Hassan. Tukaviunganisha kwa zamu ya kufika, kama malori yanavyovuka. Tukachoma flashi, yaani tukaliandika faili humo ili laptop iwakie kwayo. Laptop ikatutazama tu.

"Dada Chai," Juma akasema, "kipande changu kilifika kizima. Mimi sikukionja hata kidogo."

"Boss, nyamaza kwanza," Wanyama akamwambia.

Mama Ekisa akavaa miwani. "Nani alibadilisha haya majina?"

"Ni mimi, mama. Nilitaka kukumbuka wema wao."

"Wema wa mtu uweke kichwani. Mwisho wa kila jina palikuwa na namba ya kuvipanga, nawe umeifuta. Tena mbona mmechoma kabla ya kulinganisha?"

Binamu alikuwa ametutumia kwa simu mstari mrefu wa herufi na namba. Vipande vikiunganishwa sawasawa, kompyuta hutoa mstari uleule. Vikikosewa, hutoa mwingine kabisa. Kwa haraka yetu hatukuutazama.

Nilishika simu nimwombe binamu atume upya. Mama Ekisa akanizuia. "Keti. Ijumaa haitawangoja madereva wengine." Akatuonyesha kwamba kipande cha Okiring kilikuwa kidogo kuliko vile viwili. Hayo ni mabaki, akasema, ndiyo mkia. Basi zilibaki njia mbili tu. Tukamtanguliza Juma: mstari haukufanana. Tukamtanguliza Hassan, Juma akafuata. Wanyama akasoma herufi moja moja, mimi nikifuata kwa kidole kwenye simu, mpaka ya mwisho: zote zilifanana.

"Kumbe mimi ni wa katikati!" Juma akapiga makofi.

Tukachoma flashi upya kwa programu maalumu ya kuchomea, maana kulinakili faili kama wimbo hakutoshi. Laptop ikawaka. Ripoti ilikuwapo. Wanyama akainakili kando kabla ya kugusa kitu kingine, kisha akaegemeza kichwa mezani akalia.

Mwanangu, ukipokea kitu kilichogawanywa, usiiondoe alama ya aliyekigawa, hata kama huijui kazi yake, hata kama una nia njema. Ukishaunganisha, linganisha ndipo uendelee. Na ukikwama, usikimbilie kuomba upya. Keti kwanza na ulicho nacho, ukipime. Mungu akujalie mikono yenye subira, na akuweke karibu na mtu wa kukuuliza swali gumu kwa wakati.

Juma na Hassan nimewashukuru mara nyingi. Okiring alitoka kwenye foleni, akapoteza nafasi yake, akaniletea kadi kwa miguu, na hata chai akakataa. Alivuka siku ileile, na sijamwona tena. Deni lake bado ninalo.