Mafuta ya Nazi Kwenye Kitasa cha Karavani

Nina kasoro moja ambayo hata wanangu wanaijua: nikiambiwa kitu hakiwezekani, ndiyo kwanza nakishika. Karavani niliishika hivyo hivyo.

Ilikuwa chumba kidogo cha bati jepesi juu ya magurudumu mawili, cha kuvutwa na gari. Mtaalamu mmoja wa misitu, Mzungu, alilala humo miaka yote aliyozunguka mashamba ya miti kule Shume. Mkataba wake ulipoisha akampa mume wangu, aliyekuwa dereva wake, kama zawadi ya kuagana. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, serikali imelegeza biashara, kila mtu anafungua kitu, huyu duka, yule mashine ya kusaga. Nikasema na mimi nafungua mgahawa. Soni nzima, mji wetu wa mlimani, ikacheka. "Mgahawa wa matairi! Chai ikichacha unahama?"

Kabla ya kuondoka, yule Mzungu hakunifundisha jiko wala kitanda. Alinifundisha mlango. Alisema karavani huanza kufa mlangoni. Kila mwezi nifute vumbi kwenye bawaba, nikaze skrubu zilizolegea, nisugue mpira wa pembeni kwa poda ya mtoto usije ukanata, kisha matone mawili ya mafuta kwenye kitasa. Matone mawili tu! Akaniachia kikopo cha mafuta yake. Nilifuata masharti hayo kama dawa ya hospitali, maana mlango ule niliupenda. Ulikuwa ukifunga kwa sauti nyororo, ka!, mpaka najiona mke wa mkurugenzi.

Kikopo kikaisha. Mume wangu wakati huo alikuwa safarini, anapeleka kabichi Dar es Salaam. Nikaangalia kushoto na kulia, macho yakatua kwenye chupa ya mafuta ya nazi ninayojipaka nywele. Mimi ni mtoto wa Magoma, chini kule kwenye joto, na mlimani niliolewa mwaka ule ule wa karavani. Kwetu mafuta ya nazi ni maji mwaka mzima. Hata huku juu chupa yangu ilikaa karibu na jiko, sijawahi kuiona imeganda. Nikasema, mafuta si mafuta? Nikamimina. Siyo matone mawili, kijiko kizima, kwa mapenzi.

Sasa, kiwanja nilichowekea karavani, kando ya soko, kilikuwa cha baba mkwe. Alikuwa fundi cherehani, na mwaka ule mitumba ilikuwa imemwagika Soni. Suruali iliyoshonwa ng'ambo mtu anaichagua chini kwenye turubai, nani tena apeleke kitambaa kwa fundi? Cherehani yake ilikaa nyumbani imefunikwa shuka. Mzee akachukia kila kitu kilicholetwa na ruksa, na karavani yangu akaiweka humo humo. Akaniletea neno kupitia kwa mama mkwe: siku ya soko atakuja aione kwa macho yake, ndipo aseme kama inabaki au inaondoka. Ikiondoka, mimi narudi kubeba kabichi kichwani. Usiku ule sikulala, nawaambieni ukweli.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio, ukungu umelala barabarani. Kitasa kilinisumbua kidogo nilipofungua, sikujali. Nikawasha jiko, nikabandika chai ya tangawizi. Mara namwona baba mkwe mlangoni, kanzu chini, koti juu, na mama mkwe nyuma yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akaingia. Mama mkwe akabaki nje, ameona mtu wa kumsalimia, na salamu zetu za mlimani haziishi upesi. Upepo ukapuliza ukungu ndani. Mzee akauvuta mlango ufunge. Ka!

Ukafunga kweli. Alipotaka kuufungua amwite mkewe, mkono wa kitasa haukusogea. Nikajaribu mimi, haukusogea. Nikautikisa kwa hasira mpaka vikombe vikalia.

Jamani! Mnajua adabu ya mkwe na baba mkwe. Kiti alichokalia hukikalii, na njia mkikutana nyembamba unampisha. Leo nimefungiwa naye kwenye kichumba ambacho ukipiga chafya unamlowesha mwenzio! Nikageukia ukuta, kanga mpaka kwenye nyusi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini hata ardhi yenyewe ilikuwa mbali, chini ya matairi.

Huko nje soko zima limeshajua. "Mkwe na mkwewe wamefungiwa!" Mwanamke mmoja wa nyanya akapiga vigelegele, Mungu anamwona. Mama mkwe akaja kwenye dirisha la kuuzia. "Mume wangu, pita hapa dirishani, nitakushika miguu."

"Mimi nitoke dirishani kama paka aliyeiba nyama?" akafoka mzee. "Nitatoka nilipoingilia."

Kisha akainama, akakichungulia kitasa. Akapitisha kidole, akakinusa.

"Mwanangu, umekipaka nini hiki?"

"Mafuta ya nazi, baba." Sauti yangu hata mimi sikuisikia vizuri.

"Mafuta ya nazi. Mwezi wa saba. Soni."

Akaanza kucheka. Kwanza mabega, halafu tumbo, halafu akashika meza. Sijawahi kumsikia akicheka tangu niolewe. "Huku watoto wenyewe hawapakwi mpaka chupa iote moto! Yameganda humo kama mafuta ya mbuzi!" Wanasema akili ni nywele. Mafuta ya nywele zangu nilikuwa nimeyapeleka kitasani. Na mimi nikacheka, huku nimeutazama ukuta wangu.

"Lete kitambaa na maji ya moto," akasema. "Na chai. Hii kazi haitaki haraka."

Akalowesha kitambaa, akakizungushia kitasa, akasubiri. Kikipoa, ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nampa kingine. Huku anakunywa chai. Kikombe cha pili akasema tangawizi iko sawa. Kikombe cha tatu akaanza kunieleza habari za cherehani yake, jinsi chuma kisivyopenda kulazimishwa, jinsi mikono inavyomwasha asubuhi akiamka hana cha kushona. Aliyasema kwa kitasa, si kwangu, na nilimwonea huruma mpaka machozi yakanilenga.

Kitasa kikalegea. Mlango ukafunguka, soko likashangilia kama harusi. Mzee akashuka na kikombe chake mkononi, akaondoka zake mbiombio kwenye ukungu. Nikajua yamekwisha. Nikaanza kufunga sufuria zangu.

Baada ya nusu saa akarudi. Mbele yake kijana wa mkokoteni amebeba cherehani, yeye mwenyewe ameshika kikopo chembamba cha mafuta ya cherehani. Akaamuru mashine iwekwe kando ya ngazi ya karavani. Akachokoa kitasa changu kwa unyoya wa kuku, akakikausha, akadondosha matone mawili. Nikayahesabu. Mwenye suruali ya mtumba iliyomzidi urefu alikuwa amekwisha simama, anauliza kama fundi anapunguza.

Nikajikaza. "Baba, na ile habari ya kuihamisha?"

"Uihamishe uipeleke wapi?" Hakuinua macho, alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. "Kitasa kinataka mafuta kila mwezi. Mimi na uzee huu nikufuate huko?"

Nikaenda kumbandikia chai nyingine.