Beki Aliyeitika

Binti yangu alipata jina lake la uwanjani kwa kukosa timu. Watoto wa mtaani kwetu walikuwa wakigawana wachezaji nyuma ya gereji, huyu wako, huyu wangu, mpaka akasalia yeye peke yake. "Huyu ni baki," akasema mmoja wao, kama wanavyosema kwenye hesabu ya kugawanya. Wakamweka nyuma kabisa, mbele kidogo ya kipa, mahali ambapo hakuna aliyetaka kucheza kwa sababu kule hufungi goli. Jioni ile hakuna aliyempita, na jina likamkaa.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko dirishani, na kutoka pale naona barabara yote mpaka kona ya duka la dawa. Ndivyo nilivyomlea, jicho moja kwenye sindano, jingine barabarani. Akirudi mazoezini nilimkagua kwanza miguu, halafu meno, ndipo nikamsalimia. Beki kazi yake ni kuingiza mguu pale ambapo mwenzake naye anaingiza wake, na aliyekuwa akiyakanda magoti hayo kwa maji ya moto ni mimi.

Mjomba wake, mdogo wangu, ambaye hakosi mechi, alikuwa akinicheka. "Dada, wewe ungependa acheze amefungwa godoro."

"Nikipata godoro jepesi nitamshonea," nikamjibu, na sikuwa natania.

Sikusoma sana, na mpira nilijifunza kwa woga. Mwanzoni nilikuwa nikiutazama mpira wenyewe, kama watu wote. Siku moja nikagundua kwamba binti yangu hautazami. Nikamuuliza huwa anatazama nini. "Kiuno, mama," akasema. "Mguu unadanganya, macho yanadanganya. Kiuno kinaelekea kule mtu anakokwenda." Hapo nikamwelewa, maana mimi nashinda nikipima watu viuno, na najua kiuno hakifichi kitu.

Alipomaliza shule timu kubwa ya wanawake ikamchukua kwa mkataba, na mpira ukawa kazi yake, si mchezo tena. Alicheza misimu kadhaa bila kukaa nje. Kipa alikuwa msichana waliyekua naye pamoja, na alipotaka beki wake asipande mbele alimwambia neno moja tu, "Kaa." Walielewana kama mtu na mkono wake.

Halafu kipa yule akahama, akaja mwingine, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wenzake walimwita Kitasa kwa sababu akifunga amefunga. Yeye alikotoka hawasemi kaa. Wanasema baki.

Nilikuwepo siku balaa lilipotokea. Mpira ulikuwa unakuja juu, mshambuliaji wao yuko begani kwa binti yangu, na Kitasa akapaza sauti, "Baki." Alimaanisha usitoke, bakia hapo hapo na mtu wako. Binti yangu akasikia jina lake. Akageuza kichwa kumtazama aliyemwita, kama mtoto yeyote aliyelelewa vizuri, na mshambuliaji akapita kwenye upenyo ule akafunga. Tukafungwa kwa goli hilo moja.

Kocha ni mtu wa sauti ya chini, na sauti ya chini ndiyo inayouma. Maneno yao niliyapata jikoni, binti yangu akinisimulia huku akimenya viazi kwa hasira mpaka vikabaki vidogo kama karanga.

"Beki anageuka nyuma wakati hatari iko mbele?" Kocha alimuuliza.

"Niliitwa."

"Uliambiwa ubaki."

"Ndilo jina langu, Kocha."

"Basi badilisha jina, au badilisha kazi."

Kitasa naye alisema hicho ni kisingizio cha mtu aliyesinzia. Tangu hapo wawili hao hawakusemeshana, na binti yangu akawekwa benchi. Wiki ikafuata wiki. Mkataba wake ulikuwa ukiisha mwisho wa msimu, na viongozi walimwambia wazi kwamba mchezaji wa benchi hawamwongezei. Muuza viatu wa mtaani akawa anamwita, "Baki, unaitwa huku," kisha anacheka na wateja wake. Mimi niliyezoea kuogopea magoti yake sasa nikawa naogopa ule ukimya wake. Alikuwa anarudi mazoezini miguu misafi kabisa, na usafi huo ndio ulioninyima usingizi.

Siku moja akaja mteja mrefu, ameshika suruali iliyopasuka mapajani. "Shikamoo mama. Nimeelekezwa kwako na muuza vitambaa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo." Nilimjua kwa sauti. Yeye hakujua yuko kwa nani, nami sikumwambia. Nikamshonea taratibu, nikaitia kitambaa cha pili ndani, maana kipa huanguka sana. Alipoijaribu akafurahi, akavaa viatu vyake, akaniaga pale mlangoni.

"Haya mama, baki salama."

"Abee mama," ikatoka sauti uani.

Binti yangu akatokea mikono ikichuruzika maji, kikombe mkononi, kuja kusikiliza anaitiwa nini. Wakatazamana. Nikainamia mashine yangu, ingawa haikuwa na nguo.

"Nimekuita mimi?" Kitasa akauliza.

"Nimesikia jina langu."

Kitasa akavua tena viatu, akarudi kwenye kiti cha wateja. "Kumbe unaitika kweli. Nilidhani unajitetea."

"Ningejiteteaje kwa jambo la aibu kama lile?"

"Sasa nikuambieje? Kaa mimi silisemi, kwetu hilo ni la kumkaribisha mgeni. Unataka nimkaribishe mshambuliaji?"

Binti yangu akacheka, kicheko nilichokuwa nimekisahau. "Niambie ganda."

"Ganda." Kitasa akalionja neno, kisha akalitoa kwa sauti yake yote. Jirani akachungulia ukutani kuuliza nani kaungua. Jioni hiyo wakafanya mazoezi uani kwangu, katikati ya mashuka yaliyoanikwa, mmoja anaamuru, mwingine anagandana na mti wa kamba ya nguo kana kwamba utamkimbia. Mashuka mawili niliyafua upya.

Wakaenda pamoja kwa Kocha. Akawasikiliza, akasema, "Nitaona."

Akaja kuona katika mechi ya mwisho. Sisi tulihitaji sare tu tuchukue kombe, na wapinzani walikuwa na mshambuliaji waliyemwita Umeme. Baada ya mapumziko beki wetu akateguka kifundo cha mguu. Kocha akatazama benchi, akatazama golini. Kitasa alikuwa ananyoosha kidole kumwonyesha nani aingie. Binti yangu akavua koti.

Mjomba wake alikuwa amenishika mkono, au mimi ndiye niliyemshika, maana baadaye alinionyesha alama za kucha. Umeme alikuwa na mbio za kutisha. Akijifanya anakwenda kushoto, uwanja mzima unakwenda kushoto, isipokuwa mtu mmoja anayetazama kiuno. Mara ya kwanza akanyang'anywa mpira, mara ya pili pia. Mara ya tatu akamgeukia mwamuzi kulalamika, na hapo mjomba akaanza kuimba.

Karibu na mwisho kiungo wetu akapoteza mpira, na mchezaji mwingine wa timu ya Umeme akaja nao mbio katikati ya uwanja. Watu wote walipiga kelele binti yangu amtokee. Hata mimi. Nyuma yake ikasikika sauti moja, "Ganda," naye akaganda kwa Umeme. Mwenye mpira akakosa la kufanya, akampasia Umeme, na mguu wa binti yangu ulikuwa umeshafika. Akaupiga mpira ukaenda kutua kwa wauza maji. Mwamuzi akapuliza filimbi ya mwisho.

"Mechi haina hata goli moja na wewe unalia," mjomba akaniambia, naye machozi yalikuwa yamefika kidevuni. Nilishuka mpaka kwenye uzio. Umeme alikuwa akibadilishana jezi na binti yangu.

"Dada, msimu wote ulikuwa wapi?"

"Benchi."

"Wangekuacha huko huko, jamani."

Kesho yake nikamsindikiza ofisini, nikasimama mlangoni ambapo naona kila kitu. Mkataba wa miaka mitatu ulikuwa mezani, na kitambaa cha unahodha juu yake. Magoti yake yalikuwa yamevimba, hayakunjiki. Kocha mwenyewe akamvutia kiti.

"Kaa basi usaini."

Binti yangu akachukua kalamu, akainamia meza akiwa wima. "Nimeshakaa vya kutosha, Kocha," akasema, akasaini.