Kipimo cha Juu Kilipokaa Kimya

Mpunga wangu wa shamba la Mchombe nilikuwa nimeshaukata wote. Umelala shambani miganda kwa miganda, unangoja kupurwa. Chakula cha nyumba yetu cha mwaka mzima kilikuwa pale bondeni, karibu na mfereji.

Sikuwa na wasiwasi. Mjukuu wangu wa kike, aliyesomea kompyuta, alikuwa ametufungia vipimo vitatu vya maji: cha juu milimani, cha kati darajani, cha chini shambani. Kila kimoja kinatuma namba, mashine yake inazikusanya saa kwa saa. Ile saa moja moja yeye anaiita dirisha. Dirisha likifungwa, kama maji yamepanda, ujumbe unaingia kwenye simu.

Siku hiyo alikuwa amekuja kunisalimia kutoka Lipangalala. Tunamenya mihogo, kule milimani mvua imefunga.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, ndivyo ninavyomtania, "simu yako imesemaje?"

"Shwari, bibi. Haijasema kitu."

"Haijasema kwa sababu maji yametulia, au imenyamaza tu?"

Akaweka kisu chini, akaiangalia. "Dirisha la saa nne bado liko wazi."

"Na sasa hivi saa ngapi?"

"Saa saba."

Akanieleza. Kipimo cha juu kinakula jua, na mawingu yalikuwa yamekizima. Viwili vingine vinatuma kama kawaida, lakini mashine haitazami saa ya ukutani. Inajua wakati kwa namba zinazoingia, tena inakwenda kwa mwendo wa aliye nyuma. Cha juu kilinyamaza saa nne, basi kwa mashine bado ni saa nne. Namba za saa tano na saa sita zimekaa humo ndani, zinamngoja mwenzao.

"Na maji nayo yanamngoja?"

Akafungua namba za kipimo cha chini; zilikuwa zinapanda.

Tukatoka mbio, mimi kwa mbio za goti langu bovu. Mkwe wangu akatufuata na majirani wawili. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, yanaingia katikati ya miganda. Tukabeba kichwani, tukapandisha barabarani, tukarudi, tukabeba. Miganda ya chini ililowa. Mingi tuliiokoa.

Tulipokaa kupumua, mjukuu wangu alikuwa ameinama. Sikumlaumu. Nikamsimulia tulivyokuwa tukilinda ndege usichanani, kila mmoja juu ya dungu lake, kibanda cha miti mirefu katikati ya mpunga. Tuliitana kwa zamu, kuanzia shamba la juu mpaka la chini. Majina ya wenzangu wote ninayo mpaka leo, hata la yule aliyekuwa akisinzia. Akiitwa mara mbili asiitike, hatumsubiri. Anayefuata anapokea, na sauti inashuka imebeba habari hiyo: fulani kimya. Akiamka akaita, tunamsikia, ila zamu imeshapita.

"Mlikuwa mnampa muda gani?"

"Wa kurusha kombeo mara mbili."

"Mimi nitakipa robo saa," akasema, akacheka. "Bibi, ungekuja kazini kwetu."

"Kwenu kuna dungu?"

"Kuna viti vya kuzunguka."

"Basi huko ndiko mnakosinzia."

Jioni ile ile aliirekebisha mashine. Kipimo kikikaa robo saa bila kusema, mashine inakihesabu kimelala, inafunga dirisha kwa vilivyobaki, na ujumbe unamtaja aliyelala. Namba zake zikija kwa kuchelewa, zinapokelewa na hesabu inasahihishwa.

Juma lililofuata tulikuwa tumerudisha miganda mikavu shambani, tumetandika turubai tupure. Simu ya mjukuu wangu ikalia: cha juu kimya, cha kati maji yanapanda. Chini ya miguu yetu bado palikuwa pakavu. Jirani mmoja akauliza tunakimbia nini. Nikamwambia ashike ncha ya turubai kwanza, maswali atauliza barabarani. Maji yalipofika, yalikuta mabua tu.

Ule mpunga uliolowa siku ya kwanza tulikuwa tumeshaukaanga, tukautwanga ukawa pepeta, zile punje bapa za kutafuna. Mjukuu wangu akaondoka na kikapu kizima, akisema ni cha wenzake wa kazini.