Salamu za Shekiondo wa Magamba

Siku yangu ya kwanza kazini Lushoto niliingia na tai. Mganga Mkuu wa Wilaya alinitazama kuanzia tai hadi viatu, akauliza ni somo gani lililonipendeza zaidi chuo kikuu.

"Ubongo, mzee," nikajibu.

"Vizuri. Hapa tuna malaria na kuhara. Ubongo utasubiri foleni."

Ulisubiri mpaka serikali ilipotangaza kuuza mashamba yake. Wakati huo nilikuwa nimeazimwa kwenye zahanati ya shamba moja la chai upande wa Bulwa. Kila mtu alijua mnunuzi anakuja na wafanyakazi watapunguzwa. Nani atabaki, hakuna aliyeambiwa. Mwaka ukapita hivyo. Zahanati ikajaa watu wenye maumivu ya kichwa, ya tumbo, na wasiopata usingizi, nami nikagawa panadol kwa uhodari mkubwa.

Ndipo Mama Zuhura alipomleta mumewe, Shekiondo, mtu wa Magamba. Alikuwa mnyaushaji kiwandani: hutandaza majani mabichi juu ya vitanda vya waya, feni huyapuliza mpaka yalainike, ndipo yasagwe. Siku hizo alikuwa anasahau feni, majani yanakauka kupita kiasi. Meneja alisema ni ulevi, na akirudia tu, atamfukuza.

"Anakunywa?" nikamuuliza mama.

"Huyu? Hata chai haimalizi, daktari. Ugonjwa wake uko kwenye salamu."

"Salamu?"

"Kwetu Usambaani ukimsalimu mtu atakuuliza nyumba, watoto, mahindi, mpaka ng'ombe. Huyu anaitikia moja, ananyamaza. Tangu masika hajauliza ng'ombe. Na ng'ombe wenyewe ni wake."

Shekiondo alikuwa anatazama sakafu. Nilimuuliza anawaza nini.

"Siwazi," akasema. "Nasubiri."

Jibu hilo lilinirudisha darasani. Mtu akitishwa, mwili hutoa homoni iitwayo kotisoli, imsaidie kukimbia au kupambana. Hatari ikipita, homoni hushuka. Isipopita, huendelea kuchuruzika miezi na miezi. Tulifundishwa kwamba kwa wanyama wa maabara hali hiyo ilisinyaza matawi ya seli za ubongo, hasa katika sehemu ya kumbukumbu. Kwa matawi hayo seli hupokea habari kutoka seli nyingine. Yakipungua, mazungumzo ya ndani ya kichwa nayo hupungua. Si chanzo pekee cha sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, wala si kila anayebanwa huugua. Lakini mlango hufunguka.

Nilikwenda kwa meneja nikamchorea seli ubaoni.

"Huu ni mchai au mchicha?" akauliza.

"Seli ya ubongo, bwana meneja. Msongo unaipunguza matawi, kama unavyopogoa mchai."

"Mchai ukipogolewa unachipua."

"Na hii huweza kuchipua, panga likitulia. Mwambie Shekiondo kama yumo kwenye wanaopunguzwa."

"Nikiwaambia, nani atanifanyia kazi?"

"Kwani sasa anafanya nani?"

Alinikazia macho, kisha akaagiza Shekiondo aitwe. "Umo," akamwambia. "Utaondoka na wenzako, si kwa ulevi."

Nilijuta kufungua mdomo. Shekiondo akauliza, "Lini?"

"Mwezi ujao."

"Basi nitawahi kupanda kabichi."

Nilimwanzishia amitriptilini, dawa ya sonona tuliyokuwa nayo. Ilimkausha mdomo, na kwa wiki za mwanzo haikufanya lolote jingine. Aliondoka nayo kwenda Magamba.

Sasa nimestaafu, na madaktari vijana huniuliza kilichomponya ni dawa, kujua ukweli, au kabichi. Ningependa kusema dawa, kwa kuwa ndiyo niliyoiandika mimi. Sijui, na kutokujua huko bado kunaniamsha vizuri asubuhi.

Najua tu kwamba miezi mingi baadaye, nikiwahi basi la Tanga, nilimkuta sokoni Lushoto.

"Shikamoo, Mzee Shekiondo."

"Marahaba, daktari. Nyumbani wazima? Watoto? Mama yako mgongo umepoa? Na mvua huko mmepata?"

Nilijibu moja moja. Kondakta akapiga bodi ya basi.

"Na ng'ombe?"

"Sina ng'ombe, mzee."

"Huna? Mtu mzima, na shule yote ile? Kwa nini huna?"

Basi likaondoka. Nikaweka mkoba chini, nikaanza kumweleza.