Nilishika Winchi kwa Mkono Uliokufa Ganzi

Kosa ni langu. Wenzangu waliilaumu kamba, nami nikawaacha waamini hivyo. Leo nalitua hapa.

Mimi mzaliwa wa Kishapu. Pamba ilipotukatalia misimu miwili nilikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, nikagonga mwamba kwa tindo na nyundo miaka sita. Mkono wa kulia ukaanza kufa ganzi: dole gumba, kidole cha shahada na cha kati. Kidole kidogo kilikuwa kizima, nikashangaa. Nikilala ndiyo inazidi, naamka naukung'uta mkono kama niliyeungua. Vikombe vikawa vinaniponyoka.

Mke wangu alinisihi niende hospitali. Nilimwambia ni uchovu, nikapaka samli, nikaendelea. Ukweli niliogopa. Mchimbaji asiye na mkono ni nani?

Nyundo iliponishinda nilimdanganya msimamizi kwamba vumbi linanibana kifua. Akaniweka juu, kwenye winchi ya mkono, ile yenye mipini miwili tunayoizungusha watu wawili kuwashusha wenzetu shimoni kwa kamba na kuwapandisha. Hapo ndipo dhambi yangu ilipo.

Rafiki yangu Baba Limi, tuliyetoka naye kijiji kimoja, alinifuata asubuhi kabla ya kushuka.

"Shemeji ameniambia mkono wako unakufa ganzi. Kweli?"

"Wanawake wana maneno mengi," nilimjibu. "Wewe shuka."

Akashuka. Aliniamini.

Mchana wakati wa kumpandisha, mwenzangu wa mpini wa pili alikuwa ameitwa kando. Nilipaswa kumsubiri. Sikumsubiri. Baba Limi akiwa ameinuka kimo cha nyumba kutoka chini, vidole vikazima. Sikuhisi mpini ukiniponyoka, niliuona tu unazunguka wenyewe. Kisha kishindo. Jamani!

Hakufa. Alivunjika nyonga na mguu. Pale machimboni hakuna aliyeona mpini ukiniponyoka; walisema kamba imechakaa ikateleza, nami nikaitikia.

Hospitalini nilipewa karatasi nisaini kama ndugu yake, kalamu ikaanguka mara mbili. Daktari akaniona. Akanikunjisha vifundo vya mikono kwa muda kidogo, ganzi ikaja ileile. Alinieleza kwamba mshipa wa fahamu unapita kwenye njia nyembamba pale kifundo cha mkono, na kugonga na kukaza vidole miaka yote hiyo kumeubana. Ningekwenda mapema, pengine kuupumzisha mkono na kulala na kifaa cha kunyoosha kifundo kungetosha. Sasa nyama ya chini ya dole gumba imenyauka, dawa ni upasuaji.

Nilipasuliwa. Ganzi imepungua, nguvu haijarudi. Vifungo vya shati nafungiwa na mke wangu, yule niliyemwita mwenye maneno mengi.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Baba Limi. Anatembelea magongo. Nikamweleza yote, uongo wa kifua na uongo wa kamba. Akasema, "Ungeniambia tu. Ningemwomba mwingine ashike."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Wewe unayegonga mwamba, unayeponda mawe, unayekaa kwenye cherehani kutwa: vidole vikianza kufa ganzi na kukuamsha usingizini, nenda hospitali mapema. Na uwaambie unaofanya nao kazi. Mkono ni wako, lakini uhai ulioning'inia kwenye mkono huo si wako.